Nyumba Hii Haiuzwi

Kitendawili! Ana jino moja, anatafuna mbao kutwa nzima na hashibi. Mmeshindwa? Ni mashine ya Sekela, ile inayochonga vibao kwa kompyuta kule Kibamba.

Siku hiyo ilikuwa imemchosha hasa. NYUMBA HII ilichimbika vizuri, lakini HAIUZWI ikatoka mikwaruzo mitupu. Alishabadilisha biti, lile jino lenyewe, alishakaza vibano, na huu ulikuwa ubao wa tatu.

"Kwani bibi, nani anaiuza?" aliuliza, ili tu asisinzie.

Bibi mwenye kibao aliupapasa ubao kwa kiganja, polepole, kama anayemkanda mtoto mgongo.

"Huku umebonyea, mjukuu wangu."

Sekela akalaza rula. Kweli, mwanga ulipenya chini yake. Akaiacha mashine iparuze ubao wote mpaka ulingane, ndipo ikachonga upya. Safari hii HAIUZWI ilizama sawasawa.

"Haya bibi, katundike mlangoni, tuone nani atasogea."

Bibi alipuliza vumbi kwenye herufi, kisha akakaa chini.

"Ni mie niliyeiuza, mjukuu wangu. Mwanangu alisema ni karatasi ya umeme, nikatia dole gumba."