Majani ya Horini

Jirani alishikilia kwamba ng'ombe waliomaliza mahindi ya Maurine hawakupotea njia. Wafugaji waliwaachilia makusudi.

Sasa mke wa mmoja wa wafugaji hao kasimama mlangoni mwa kanisa, kichanga mgongoni. Ndani, Maurine alikuwa akitandika hori la igizo la Krismasi. Kwa ukame ule, majani mabichi aliyakata ukingoni mwa mto, penye mamba, na viganja vyake vilikuwa vimechanika.

"Ng'ombe wenu wameshiba mahindi yangu?" akauliza.

"Wamekufa, dada. Kabaki mmoja. Kifua changu kimekauka, mtoto anaishi kwa maziwa ya huyo."

Kichanga kikalia, sauti nyembamba. Mama akatazama mdoli aliyelazwa kando ya hori.

"Yesu wenu huyu hata pakavu atalala. Hayo majani nipe mimi, dada."