Gitaa Lenye Tumbo Kubwa

"Nyuzi nne tu!" Byabato alijipiga paja kwa kicheko. "Shangazi, njoo uone. Wamemuuzia gitaa pungufu!"

Alikuwa amelipakata gitaa la shemeji yake kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani, huku amekaa kwenye kigoda kipya alichopewa kwa heshima. Gitaa lilikuwa kubwa kupita yote aliyowahi kuyaona, hata yale ya bendi zilizopiga Bukoba mjini kabla ya vita. Tumbo pana, shingo ndefu, vanishi bado inanukia.

"Ni la besi," shemeji yake, Paskazia, alisema taratibu. "La besi huwa na nyuzi nne."

"Besi!" Byabato alivuta uzi mmoja kwa kidole gumba. Gitaa likaguna hadi kigoda kikatetemeka. "Mmesikia? Ng'ombe amemeza debe!"

Ndugu wakaangua kicheko, naye Byabato akajinyoosha ndani ya koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani, ambalo hakulivua hata kanisani. Walikuwa wamekutana hapa Kagoma kuamua jambo moja: huyu mjane wa mdogo wake, aliyeachwa bila mtoto, abaki kwenye kibanja cha migomba cha mumewe au arudi kwao Izimbya. Byabato alikuwa ametafuta sababu ya kumwondoa tangu mdogo wake azikwe. Leo sababu ilikuwa mapajani pake, inang'aa.

"Juzi juzi tu ulikuwa huwezi kushika kijiko," alisema, sauti ikilainika ghafla. "Kifua kilikumaliza, na sisi ndio tuliohangaika. Umepona, migomba imejaa magugu, wewe unajinunulia dude hili!"

"Mlihangaika, shemeji. Niliambiwa."

Shangazi Felicitas, ambaye neno lake ndilo lililofunga vikao vyote vya ukoo, aliweka chini kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi.

"Utampigia nani, mwanangu?"

"Kwaya, Shangazi. Waimbaji wa sauti za juu tunao tele. Wanaume wa sauti ya nne, ile ya besi, wamekwisha. Baadhi walibaki vitani, na hao wengine tumewazika wenyewe."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, polepole, na Byabato akaona kibanja kinaanza kumponyoka. Akaligonga gitaa tumboni kwa kifundo cha kidole. Mbao alizijua.

"Mvule," alikiri. "Nani kalitengeneza?"

"Fundi Mushumbusi, wa hapo sokoni."

"Mushumbusi! Siku hizi ana nafasi ya kutengeneza magitaa?"

"Alikuwa na mbao zimekaa tu, hazina mwenyewe. Akaniuzia."

"Mvule ukae bila mwenyewe, kwa nyakati hizi?" Byabato aliwageukia ndugu zake, uso umechangamka tena. "Basi umeliwa na mchwa! Ngojeni niwaonyeshe jinsi huyu anavyotunza mali."

Aliligeuzia gitaa kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja na kusogeza jingine kwenye tundu.

"Chungulia vizuri," Paskazia alisema.

Alichungulia.

Kule ndani, kwenye ubao wa nyuma, kulikuwa na msalaba mweupe. Rangi ilikuwa imechuruzika upande mmoja, vilevile kama siku alipoupaka kwenye kifuniko cha jeneza kwa mkono wake mwenyewe, akiharakisha, wakati Paskazia angali anakohoa wodini.

"Mchwa wapo?" Shangazi Felicitas aliuliza. "Hebu lete na mimi nione."

Byabato alilikumbatia gitaa, kiganja kimeziba tundu.

"Mpe tu, shemeji," Paskazia alisema. "Ulinipima vizuri sana. Mbao zilitosha gitaa, zikabaki. Ndipo fundi akanitengenezea na hicho kigoda ulichokalia."