Shavu la Mama Elysée

Mama Mamie hakubisha hodi. Aliingia uani, akashusha kitenge alichojifunika, na mashavu yake yakaonekana: yamebabuka kama ndizi iliyosahauliwa kwenye makaa.

"Angalia, dada. Niliamini uso wako."

Mama Elysée akajishika shavu lake laini. Ni kweli, kwa miezi sita sasa, nusu ya wanawake wa soko la Kalemie walikuwa wameuamini uso huo. Miaka sabini na miwili, na ngozi ya bibi-arusi! Mjukuu wake Glodie aliuza krimu ya seli za mmea, na mteja aliyesitasita aliletwa hapa uani amguse bibi shavu. Bibi naye humtegea: "Kitendawili! Mutoto wangu hajui udongo, hajui mvua, kazaliwa ndani ya chupa."

Mteja akishindwa, Glodie humtegulia. Seli zimeoteshwa maabara, Mama, hazina sumu, zinarudisha usichana.

"Munganga wa hospitali ameniuliza kitu kimoja tu," alisema Mama Mamie. "Hii krimu ilijaribiwa kwa ngozi ya nani?"

"Yangu!" Mama Elysée alijipiga kifua. "Kila asubuhi Glodie ananipaka kwa mikono yake. Mungu ananiona!"

"Basi ngozi yangu njo mbovu, si krimu yenu." Mama Mamie akajifunika tena. "Jumapili usinishikie nafasi kwenye kwaya."

Miaka arobaini walikuwa wameimba bega kwa bega.

Glodie aliporudi kutoka sokoni, alimkuta bibi yake amekwisha vaa kitenge cha kutokea.

"Toa kopo moja la kuuza, mutoto wangu. Tunaenda kwa Mama Mamie. Utanipaka mbele yake, aone sikumudanganya."

Glodie akasukuma kikapu cha makopo nyuma yake.

"Fanya haraka! Ananiita muongo."

"Nkambo, bibi yangu, tusiende."

"Kwa nini? Si njo ile unanipakaga kila siku?"

 Bibi akanyakua kopo kwenye kikapu, akafungua kifuniko, akachota kwa vidole viwili. Kabla hajafikisha shavuni, Glodie alimrukia, akamshika mkono kwa nguvu.

"Yako ni mafuta ya watoto wachanga, Nkambo," alisema, machozi yakimtoka. "Hii ya kuuza ningekupakaje? Miye nakupenda."