Achore Nani, Ajenge Nani

"Nasema kwa mara ya mwisho: mkandarasi mmoja! Achore mwenyewe, ajenge mwenyewe, atukabidhi funguo!" Mwenyekiti Reino Lahti alipiga meza, kahawa ikaruka kwenye vikombe vya plastiki. "Theluji ikianza, watoto wetu wawe wanacheza hoki ndani ya uwanja wao wa barafu. Nani anapinga?"

Karin alinyoosha mkono.

"Wewe tena! Mshauri gani huyu, kazi yake kupinga tu? Hivi nani alikuleta hapa?"

"Kazi ndiyo iliyonileta, Mwenyekiti. Nisikilize kidogo."

Wajumbe wengine wawili hawakuwa na msaada wowote. Bi Wanda alikuwa amezama katika kufuma soksi. Oskar alisinzia mdomo wazi, kipande cha mkate wa iliki mkononi. Kamati nzima ilikuwa mzee Reino, na Reino alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amsamehe.

Karin alishusha pumzi. Kila walipofika hapa alishindwa, na kila aliposhindwa aliingia ndani ya gari akalia kabla ya kuwasha injini. Leo alijiapia kwamba atashinda, hata kama ni mara moja tu maishani.

"Haya, achore yeye, ajenge yeye," alisema. "Atakaguliwa na nani?"

"Ana mhandisi wake."

"Anayelipwa na nani?"

Mzee alikuna kidevu. "Na yeye."

"Sasa huyo mhandisi akiona vyuma vya paa ni vyembamba, atamshtaki kwa nani?"

"Loo, una maneno wewe! Haya, tuambie njia yako."

"Msanifu wetu achore kwanza, amalize kabisa. Kisha tutangaze zabuni, wakandarasi washindane kwa mchoro uleule. Na mkaguzi awe wa kwetu, tumlipe sisi, apande juu ya paa kwa miguu yake kabla mtoto yeyote hajaingia."

"Huo ni mwaka mzima zaidi!"

"Ndiyo. Mwaka mzima."

"Thubutu! Na Dale nimwambie nini? Mwanangu ana viatu vyake vya barafuni tayari, analala navyo kitandani. Nimemwahidi Krismasi hii." Sauti ya mzee ililainika. "Hujui mtoto anavyokutazama ukivunja ahadi, Bi Mshauri."

Karin alisogeza kiti karibu naye.

"Theluji ya hapa Minnesota unaijua kuliko mimi," alisema, sauti ikimtetemeka. "Ikilala wiki nzima juu ya paa, ni kama umeegesha malori huko juu. Na chini yake yuko Dale. Mwache anune. Mtoto akinuna, kesho amesahau. Nakuomba, mzee wangu. Nakupigia magoti."

Akapiga magoti kweli, pale sakafuni, akamshika mzee miguu. Bi Wanda akaacha kufuma.

Reino aliweka kikombe chake pembeni. Kisha akainama kwa shida, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Basi, basi, binti. Usilie. Kumbe jambo lenyewe linakuuma kiasi hiki?" Akajinyoosha kitini, akapiga meza tena, safari hii taratibu. "Kamati imeamua. Msanifu achore kwanza. Mkaguzi awe wa kwetu. Tutangoja mwaka." Akacheka. "Lakini Dale atanifokea mpaka Pasaka. Mpigie simu wewe, mimi yule namwogopa."

Karin alicheka huku machozi yakimtiririka. Alitoa simu, akaiweka sikioni bila kubonyeza chochote.

"Dale," alisema, "baba amesema usubiri."

Muuguzi wa nyumba ya wazee aliingia na dawa za Reino, akauliza kwa upole kama kikao cha leo kimekwisha. Karin alimwashiria asubiri kidogo, simu bado sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza baba yake kumwokoa Dale, kaka yake Karin, tangu paa la uwanja wa mkandarasi yule mmoja lilipomwangukia na kumuua, Karin akiwa bado chekechea.