Salamu ya Mlangoni

Mwanaidi alimwamkia Mzee Shomvi bila kukusudia, na mzee akaitikia.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameiunganisha simu ya mezani ya Mwanaidi pale ofisini na kidude cha kuvaa sikioni kisicho na waya, akamwambia sasa anaweza kuzungumza huku akitembea. Simu ilipolia alikibonyeza, akainuka, akatembea kwa maringo hadi mlangoni. Mzee Shomvi, mzee wa chai, naye alikuwa anaingia na birika lake.

“Shikamoo, baba,” Mwanaidi alimwambia mteja aliyepiga.

Mzee Shomvi alisimama. Miaka yote aliyomletea chai alikuwa akiambiwa “weka hapo” tu. Uso ukamchanua.

“Marahaba, mwanangu! Hujambo? Watoto hawajambo?”

Mwanaidi alionyesha sikio lake. “Siyo wewe.”

“Mzee, umedandia salamu ya watu!” karani mmoja alidakia, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

“Nani huyo anayeitikia?” mteja aliuliza simuni.

“Hakuna mtu, baba. Ni wa chai tu.”

Alipogeuka, mzee alikuwa bado amesimama pale pale.

“Samahani, bosi,” alisema. Akammiminia chai yake, akaifunika kwa kisosi kama kila siku, akatoka.

Mwanaidi alikivua kile kidude na kukimbilia mlangoni, shikamoo imemjaa kinywani. Korido ilikuwa tupu. Alirudi akakaa mbele ya kikombe kilichofunikwa. Alikuwa ameitwa mwanangu mara moja, na bosi mara moja.