Chombo cha Jirani

Mwanahawa alipiga hodi kwa jirani yake, Bi Arafa, akiwa amebeba bakuli la bati lililofunikwa kitambaa. Ndilo bakuli ambalo Bi Arafa alilitumia kumpelekea chakula kila siku Mwanahawa alipowekwa mahabusu kwa kuwatetea wachuuzi waliovunjiwa vibanda. Sasa ametoka, na chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo alikuwa amelijaza pilau.

Bi Arafa akafunua, akanusa, akacheka. "Kumbe hata jela haikukufundisha kupunguza bizari."

"Sijui nikulipe nini, mama. Nimekuja kusema asante."

Bi Arafa akalifunika tena, akamrudishia. "Hili si langu, mwanangu. Liliingia humu na wali wa mtu mwingine, marehemu mume wangu alipokuwa jela. Jana wamemchukua Sudi, yule fundi cherehani, kwa kushona mabango ya maandamano. Hana ndugu mji huu."

Mwanahawa akainama. Tangu atoke, alikuwa akipita njia ya mzunguko ili asilione lango la gereza.

"Miguu itanigomea, mama."

"Nitakushika mkono mpaka kona. Kutoka hapo nenda mwenyewe, na usikawie, pilau itapoa."

Langoni, askari alilitambua bakuli kabla ya kumtambua aliyelibeba.

"Wewe tena?"

"Mimi tena," Mwanahawa akasema. "Ni chakula cha Sudi."

Akafunua pembe ya kitambaa. Askari akavuta harufu ya bizari, kisha akaanza kupapasa funguo za lango kiunoni.