Dua ya Herufi Nne

AHUN. Mwalimu Nkirote alizihesabu: thelathini na moja. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika herufi hizo chini ya picha ya Ruweyda, kwenye kundi la WhatsApp la Gredi ya Tisa, na kando yake viganja viwili vya kuomba dua.

Ruweyda hakuwa ameonekana shuleni siku nne. Mtihani ulibaki wiki mbili, na akiukosa, mwaka mzima umeenda.

"Hani, hii AHUN ni nini?"

Hani, monita wa darasa, aliwatazama wenzake kwanza. "Ni dua, mwalimu. Ya Kisomali. Mungu amhurumie."

"Kumbe mnamwombea?"

"Kila siku, mwalimu."

Nyuma, mtu alikohoa.

Nkirote, mtu wa Meru, miezi mitatu tu Garissa, alilainika moyo. Juzi alikuwa kwenye semina kuhusu matusi ya mitandaoni. Aliporudi alipekua kundi lote akitafuta tusi, asione hata moja.

Jioni akampigia Saynab, mama yake Ruweyda.

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mwalimu. Ni simu na kulia, simu na kulia. Mimi hanionyeshi. Lakini nimembembeleza, kesho atakuja. Anasema kuna mtu mmoja tu hapo darasani hajamtupa."

"Alhamdulillahi," Nkirote akasema, na Saynab akacheka kidogo kusikia neno hilo kwa mtu wa bara.

Basi, ili mtoto apate nguvu ya kurudi, mwalimu naye akaandika chini ya ile picha: AHUN, Ruweyda. Akaongeza ua.

Kesho yake dawati lilikuwa tupu. Saa nne Saynab akaingia ofisini, simu ya bintiye mkononi, buibui limejaa vumbi.

"Yunifomu alikuwa ameshavaa, mwalimu. Viatu pia. Amefungua simu mara moja tu pale mlangoni, akaanza kuvua. Sasa abti yake, kaka yangu, ameondoka naye kwenda Tarbaj, mbali huko, kwa bibi yake. Shule hataki kusikia. Nimeshindwa."

"Lakini wenzake wanamwombea, mama. Hata mimi jana…"

"Nimeona. Yule mtu mmoja alikuwa wewe."

Saynab akaiweka simu mezani, ile picha juu, ua chini yake.

"Mwalimu, AHUN sisi tunaandikia maiti."